Kisomaji cha injini kwenye milima ya Bukavu: miezi minne ndani ya gari la mikate

Ninachokitathmini hapa ni kifaa cheusi kinachoenea kiganjani, ambacho huchomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya usukani, kikasoma habari za injini na kuzituma kwenye simu kwa Bluetooth. Nilikinunua kwa dola 15 kwa muuzaji wa vifaa vya simu, bila jina la kampuni na bila maelekezo yanayosomeka, nikakiweka ndani ya Toyota Probox ya mwaka 2010 inayosambaza mikate ya kiwanda chetu kila alfajiri mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka Nguba hadi Kadutu, na kutoka Kadutu hadi Panzi. Nilikuwa na swali moja tu: je, dereva akionyeshwa esansi (petroli) anayoitumia wakati uleule anapoitumia, ataendesha kwa namna itakayopunguza matumizi? Baada ya miezi minne nina jibu, ingawa silo nililolitarajia, na sehemu kubwa ya jibu hilo haikutoka kwenye kifaa bali kwenye mguu wa dereva wetu mkubwa.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili lina uzito kwetu. Esansi inayochomwa Bukavu husafiri kwa malori ya tangi kutoka bandari za Bahari ya Hindi, ikivuka mipaka kadhaa kabla ya kufika kwenye pampu au kwenye bidoni za vijana tunaowaita kadafi. Njia ikiharibika popote, bei hupanda hapa. Isitoshe, mji wenyewe umejengwa kwenye vilima vinavyoinuka kutoka Ziwa Kivu, na ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 pamoja na mzigo likipanda mita 100 za kimo, hesabu ya nguvu peke yake yaonyesha kwamba linahitaji takriban sehemu moja ya saba ya lita zaidi ya lile ambalo lingetumia mahali tambarare. Gari letu hupanda na kushuka namna hiyo mara nyingi kabla jua halijachomoza vizuri. Ushauri wa kuokoa mafuta ulioandikwa kwa ajili ya barabara kuu zilizonyooka hautusaidii sana, na ndiyo maana nilitaka kipimo kinachosoma barabara zetu wenyewe.

Anayefikiria kununua ajue kwamba si kila gari litazungumza na kifaa hiki. Marekani ilianza kuyalazimisha magari kuwa na tundu hili la pamoja kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya esansi. Lakini magari mengi tunayoendesha hapa yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, yana usukani upande wa kulia, na yale ya zamani huwa na tundu lenye umbo lilelile huku kompyuta yake ikitumia lugha ambayo visomaji vya bei nafuu havielewi. Jirani yangu ana gari la mwaka 2003. Tulichomeka kifaa, taa nyekundu ikawaka, simu ikatafuta kwa dakika tano, na hakuna namba hata moja iliyotokea. Kwa hiyo nenda na gari lako dukani, chomeka, washa ufunguo, na usitoe fedha mpaka uone mizunguko ya injini ikibadilika kwenye simu unapokanyaga mafuta.

Kwenye Probox yetu kilikubali mara moja. Kabla ya kuwasha injini nilifungua ukurasa wa kanieneo ya hewa, nikasoma kilopaskali 85, ilhali pwani mtu angesoma 101. Namba hiyo moja ilinifundisha jambo nililokuwa nikilihisi bila kulijua: injini isiyo na taabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) huku kwetu huvuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15, ndiyo maana gari lililosifiwa Dar es Salaam huonekana chovu likifika hapa, na ndiyo maana madereva wetu hukanyaga zaidi na hung'ang'ania gia ndogo.

Ni lazima kuelewa namba ya matumizi inatoka wapi, maana nusu ya malalamiko dhidi ya vifaa hivi, na nusu ya sifa zake pia, hutokana na kutoielewa. Hakuna kihisi kinachopima esansi ndani ya bomba. Kuna kihisi kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, na kwa kuwa injini ya esansi hulenga sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya esansi kwa uzito, programu ya simu hugawanya na kukadiria. Ni makadirio mazuri, lakini ni makadirio. Wiki mbili za kwanza nilijaza tangi hadi juu kwenye pampu ileile, nikagawanya lita kwa kilomita, nikalinganisha na simu. Simu ilikuwa inasema pungufu kwa karibu asilimia 6. Programu nyingi zina mahali pa kusahihisha kosa hilo, na nikalisahihisha. Asiyefanya kazi hiyo ndogo anatazama pambo tu.

Gari hili huendeshwa na watu wawili kwa zamu ya wiki. Mmoja ni mzee aliyeanza kushika usukani zaidi ya miaka 30 iliyopita, enzi za magari ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na esansi, akiwa amebeba bidhaa kati ya Bukavu na Uvira kupitia mteremko wa Ngomo. Mimi namwita Papa, kama kila mtu kiwandani anavyomwita. Mwingine ni kijana aliyepata leseni miaka mitatu iliyopita, mwepesi, mwaminifu, na mwenye haraka. Kabla ya kuwaonyesha chochote niliacha kifaa kikirekodi kimyakimya kwa wiki nne, wiki mbili kwa kila mmoja, kwenye njia ileile na mzigo uleule. Papa alitumia lita 9.1 kwa kilomita 100. Kijana alitumia 10.5. Gari ni lilelile, mikate ni ileile, na tofauti ni ya miguu miwili.

Ndipo nikaweka simu kwenye dashibodi, namba ikaonekana.

Kisa cha kwanza kilitokea siku ya pili, tukishuka kutoka soko la Kadutu kuelekea Place de l'Indépendance. Nilikuwa nimeketi kando ya Papa na kreti tupu zikigongana nyuma yetu. Mara tu barabara ilipoanza kuinama alitoa gia, akaliacha gari liteleze, mguu wake ukiwa juu ya breki. Ni desturi ya madereva wengi wa mji huu, na wapo wanaozima hata injini, jambo ambalo ni la hatari kubwa kwa sababu breki hupoteza msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani huwa mzito ghafla.

«Papa,» nilimwambia, «nimesoma kwamba magari ya injekta, yale ambayo kompyuta ndiyo inayopuliza esansi, hayatumii esansi kabisa ukishuka gia ikiwa ndani na mguu ukiwa nje ya mafuta. Tujaribu.»

«Mama, gari linashuka lenyewe. Kwa nini niifanye injini ipige kelele?»

Alikubali kwa heshima, akarudisha gia ya tatu, injini ikapanda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, na simu ikaonyesha lita 1.1 kwa saa. Alipotoa gia tena ilishuka hadi 0.8. Hakusema neno. Alinitazama tu mara moja, kisha akarudisha macho barabarani, nami nikanyamaza mpaka tulipofika.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetumia dola 15 kuthibitisha kosa. Fundi wetu wa umeme wa magari ndiye aliyenifungulia macho. Alinikumbusha kwamba programu inahesabu hewa, haihesabu esansi: injini inayozungushwa na magurudumu wakati wa kushuka inaendelea kuvuta hewa hata kama injekta zimefungwa, na programu, isiyojua kuwa zimefungwa, inaigawanya hewa hiyo kana kwamba ilichanganywa na mafuta. Akaniambia nitazame kihisi cha oksijeni kilicho kwenye bomba la moshi. Kesho yake tulishuka tena mteremko uleule. Gia ikiwa nje, kihisi kilikuwa kikicheza kama kawaida, kikionyesha kwamba kuna kinachoungua. Papa aliporudisha gia ya tatu na kuondoa mguu, volti zilianguka karibu na sifuri na kubaki hapo, zikilala kabisa, mpaka tulipokaribia chini na mizunguko ikapungua kufikia karibu 1,200, ndipo zikaruka juu tena. Katika bomba la moshi palikuwa panapita hewa tupu. Esansi ilikuwa imekatwa kabisa kwa mteremko mzima.

Papa aliomba tusimamishe gari. Alichukua simu mkononi, akaniambia turudi juu tushuke tena, na mara hii akawa anatoa na kurudisha gia mwenyewe huku mimi nikimsomea namba kwa sauti. Tulishuka mara tatu. Kisha akasema polepole: «Kabureta haikuwa hivi.» Na alikuwa na haki kabisa. Kwenye kabureta, injini inayozunguka kwa kasi huku mlango wa hewa umefungwa iliendelea kunyonya esansi kupitia tundu la mzunguko wa polepole, kwa hiyo kutoa gia kwenye mteremko kulikuwa akiba ya kweli. Elimu yake ilikuwa sahihi kwa gari alilojifunzia. Gari ndilo lililobadilika, na hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo nimefungua katika programu mpangilio wa kutambua kukatwa kwa esansi, na sasa namba husoma 0.0 kwenye miteremko. Mpangilio huo ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ninaloliona katika bidhaa hii: jambo lenye manufaa zaidi kwa dereva wa milimani limefichwa kwenye ukurasa wa nne wa mipangilio, na bila hilo kifaa humpa somo la kinyume. Kwa haki niongeze kwamba mahali ambapo mteremko ni mpole sana, gia huweza kupunguza mwendo kiasi cha kumlazimisha dereva kukanyaga tena, na hapo kuteleza bila gia huenda kukaokoa tone. Lakini miteremko yetu mingi hulazimisha breki kwa vyovyote, na mwenye kushuka kwa gia hupata esansi iliyokatwa pamoja na breki ambazo hazijachemka.

Kwa kijana mambo yalikwenda tofauti. Namba ilimvutia kama mchezo. Wiki yake ya kwanza ya kuiona alishuka kutoka lita 10.5 hadi 9.4, nikafurahi, nikawaambia wote. Alikuwa ameacha kuruka kutoka kila kituo, na ameacha ile tabia ya kukimbilia nyuma ya lori kisha kupiga breki. Idara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikiandika kwa miaka mingi kwamba uendeshaji wa fujo huweza kupunguza umbali unaopatikana kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 40 katika misongamano ya kusimama na kuondoka, na yeyote aliyepita mahali paitwapo Essence saa kumi na mbili na nusu asubuhi, motari (waendesha pikipiki) wakiwa wamejaa pande zote mbili, anajua kwamba hiyo ndiyo barabara inayoelezwa.

Wiki iliyofuata ya zamu yake mambo yaliharibika. Alianza kuifuata namba badala ya barabara. Alipanda kwa gia ya nne mahali panapohitaji ya pili, gari likitetemeka mpaka kreti zikasogea, kwa sababu alidhani gia kubwa ni akiba kila mahali. Mama mmoja mwenye duka karibu na mahali paitwapo Major Vangu alinipigia akiniambia kuwa mikate imefika baada ya watoto kwenda shule. Na baya zaidi, nilipoketi kando yake niliona macho yake yakishuka kwenye simu mara kwa mara. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde mbili za kutazama simu ni mita 22 zilizopitwa bila kuonwa, na katika mita 22 za Nyawera kuna watoto, mikokoteni na akina mama wenye mizigo vichwani. Nikaitoa simu kwenye dashibodi siku hiyohiyo.

Namba ilipoondoka, tabia nayo ikaanza kurudi. Hadi wiki ya nane alikuwa amepanda tena hadi 10.1. Jambo hili halikuanza kwetu. Wanaochunguza uendeshaji wa kuokoa mafuta katika nchi nyingine wameeleza mara nyingi kwamba faida ya mafunzo na ya maonyesho ya ndani ya gari hufifia muda unavyopita, dereva anapoizoea taa au namba hadi asiione tena. Watengenezaji nao wamelihangaikia kwa njia mbalimbali. Miaka ya 1980 BMW iliweka mshale wa matumizi kwenye dashibodi, na mwaka 2009 Honda Insight ilileta majani ya kijani yanayochipuka kwenye kioo dereva anapoendesha kwa upole. Katika Ulaya, magari mapya yamelazimika tangu mwaka 2021 kuwa na kipimo cha ndani kinachohifadhi matumizi halisi ya mafuta. Kwa hiyo kifaa changu cha dola 15 kinashughulikia swali linalowasumbua pia wenye viwanda vikubwa.

Tulichofanya sisi ni kuihamisha namba kutoka barabarani hadi mezani. Simu hukaa ndani ya kisanduku cha dashibodi ikirekodi. Kila Jumamosi mchana, gari likishaoshwa, tunakaa watu watatu na chai, tunafungua mchoro wa wiki, na Papa anaueleza. Hapo ndipo nilipoona thamani halisi ya kifaa, na sikuwa nimeitarajia. Mchoro una vilele na mabonde, na mtu asiyejua barabara haoni kitu. Papa anaweka kidole kwenye kilele kimoja na kusema: hapa ulisimama katikati ya kilima. Na kijana anakumbuka: kweli, lori la saruji lilikuwa mbele. Kisha mzee anaeleza kwamba yeye akiona lori zito linaanza kupanda, haliandami. Hungoja chini, mahali tambarare, hata kama wengine wanapiga honi, mpaka lori lifike kwenye kona yenye nafasi, ndipo huanza kupanda kwa gia ya pili bila kusimama hata mara moja. Kusimama katikati ya mlima na kuondoka tena kwa klachi na mzigo kamili ndiko kunakomeza esansi, na ndiko kunakokula klachi pia.

Maarifa hayo hayamo katika programu yoyote. Kifaa kinaweza kusema kwamba esansi imetumika nyingi wakati huu, lakini kosa lilifanyika nusu dakika kabla, mahali ambapo namba ilikuwa bado nzuri. Nilimtazama Papa kwa karibu asubuhi moja ya mvua. Mguu wake ulitoka kwenye mafuta mita 70 au 80 kabla ya soko, kwa sababu alikuwa ameona kichwa cha mwanamke kikitokeza juu ya gari lililoegeshwa. Gari likapungua mwendo lenyewe, mwanamke akavuka, na tulipofika pale njia ilikuwa wazi. Breki haikuguswa. Kijana angefika pale haraka, angesimama, angeondoka upya, na simu ingemlaumu wakati wa kuondoka. Ukimwuliza mzee aliona nini, anahitaji kufikiri kabla ya kukujibu, kwa sababu mguu wake uliona kabla yake. Mchoro wa Jumamosi unamlazimisha kukitafutia maneno kile ambacho mguu wake unakijua, na kijana anapata kitu cha kushika.

Papa naye amepata faida yake, na haikutoka pale tulipobishana. Alikuwa na tabia ya kuacha injini ikiunguruma wakati wa kushusha mikate, mabaki ya miaka ya betri mbovu na gari la kusukuma. Rekodi ilionyesha kwamba dakika hizo zilikuwa 12 kwa siku. Kwa lita 0.8 kwa saa, hiyo ni karibu lita moja kila juma kwa siku sita za kazi, inayounguzwa gari likiwa limesimama. Nilimwonyesha namba hiyo mara moja tu, naye akaanza kuzima. Mjadala wa gia kwenye mteremko, pamoja na moto wake wote, ulituletea akiba ndogo kuliko hii.

Sasa matokeo, kwa kipimo cha pampu na si cha simu. Papa ametoka 9.1 hadi 8.7. Kijana ametoka 10.5 hadi 9.1. Wastani wa gari umeshuka kutoka 9.8 hadi 8.9, na kwa kilomita 360 tunazokwenda kila juma tunabakiza zaidi kidogo ya lita tatu. Ni akiba ya asilimia 9, nayo imekwisha kulipa gharama ya kifaa. Lakini namba ninayoirudia moyoni ni ile 9.1. Kijana, akiwa na kifaa, mchoro, na miezi minne ya Jumamosi, amefika pale ambapo mzee alikuwa tangu mwanzo bila kifaa chochote. Wenye magari wengi wa mji huu huchagua dereva kwa kuangalia nani anakubali mshahara mdogo zaidi, na wanaitafuta akiba yao mahali pasipo sahihi.

Kwa sababu hiyohiyo tuliamua tangu wiki ya tisa kwamba nusu ya esansi iliyobaki inageuzwa fedha na kugawiwa madereva. Dereva wa teksi anayejinunulia mafuta ana sababu yake tayari. Dereva wa mshahara hana, na kumwonyesha namba bila kumpa sehemu ni kumpeleleza. Nilichelewa kuliona hili. Wiki zile nne za mwanzo, nilizorekodi bila kuwaambia, sikuzitendea haki, na niliwaomba radhi wote wawili nilipowaonyesha matokeo.

Kuna kasoro ndogo za kifaa chenyewe. Tundu hupewa umeme hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hiyo kifaa kikiachwa kimechomekwa gari likikaa siku nyingi, betri hudhoofika. Sisi tunakichomoa kila mchana. Kinatokeza chini ya usukani kiasi cha kuguswa na goti la mtu mrefu, na kikiguswa hupoteza mawasiliano, nayo rekodi ya safari hukatika bila onyo. Sauti ya tahadhari inayolia dereva akikanyaga kupita kiasi tuliizima siku ya kwanza, kwa sababu katika Bukavu kila kilima huisababisha.

Nimelinganisha pia na taa ya kijani ya ECO iliyomo kwenye gari langu dogo la otomatiki, kama ilivyo katika Toyota nyingi za Japani. Taa haisemi kiasi, haihifadhi kitu, na haijui kilima. Hata hivyo, kwa wakati wa kuendesha naipendelea kuliko simu, maana jicho huiona bila kuitafuta, na mguu hujifunza taratibu kuishikilia isizimike. Mwenye gari lenye taa hiyo, anayeendesha peke yake mjini, sioni kwamba anahitaji zaidi, isipokuwa daftari la kuandika lita na kilomita kila anapojaza tangi.

Mwenye magari mawili au zaidi yenye madereva wa kuajiriwa, namshauri anunue, afungue mpangilio wa kukatwa kwa esansi kabla ya kumwonyesha mtu yeyote namba, aifiche simu wakati wa safari, na amweke dereva mzoefu kuwa msomaji wa mchoro. Juzi mfanyabiashara anayetuletea unga kutoka ng'ambo ya mpaka aliniuliza kama anunue kimoja kwa ajili ya kamyo (lori) yake ya mazutu, yaani dizeli. Nilimwambia asubiri. Injini ya dizeli haifuati ule uwiano wa 14.7, huvuta hewa nyingi wakati wote na kuongeza au kupunguza mafuta peke yake, kwa hiyo hesabu ya hewa huleta namba isiyo na maana, na kamyo yake ya zamani haina hata tundu la kuchomekea. Kwake yeye, tangi lililojazwa hadi juu, daftari na kalamu ndivyo vipimo nilivyomwelekeza.